Yonathani na Duara la Kilima cha Kanga

Mara ya kwanza Yonathani Mbonile alipoingia ghalani kwa Amri, pale Tunduma nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka, alivua kofia mlangoni kana kwamba anaingia kanisani. Begani alibeba mfuko wa mbolea, na ndani ya mfuko mlikuwa na mawe. Amri alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage akinywa chai. Hakusimama. Mtu aliyetoka mbali na mzigo, ukisimama tu kumpokea, ameshajua kwamba unauhitaji.

"Mimi natoka Ihanda," mgeni alisema. "Wanasema wewe unanunua mawe ya shaba."

"Wanasema mengi. Mwaga tuone, mzee wangu."

Mawe yakamwagika sakafuni. Kijani kitupu. Kwenye nyufa kijani cha jani changa la mgomba, na palipovimba jiwe kijani kizito cha joho la kwaya. Moyo wa Amri uliruka, uso wake ukabaki ulipo. Aliokota jiwe moja, akaligeuza, akaliachia, kisha akalisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Umechagua," alisema.

"Nimechagua nini?"

"Mazuri. Kila mchimbaji ananiletea jiwe lililooga na kupakwa mafuta kama bibi harusi. Nikinunua lori zima, naletewa mama mkwe."

Yonathani akacheka, kicheko cha besi kilichoanzia tumboni. "Basi hukubahatika na mama mkwe wako, bwana. Wangu alikuwa mzuri kumpita binti yake. Ila usije Ihanda ukanisemea."

Walivutana mpaka chai ya Amri ikapoa. Amri aliyaponda mawe, akaiponda barabara ya Zambia, akawaponda wanunuzi wa ng'ambo, na mwisho akataja bei ambayo yeye mwenyewe aliionea haya kidogo. Yonathani alipandisha, Amri akapandisha kidogo, wakapeana mikono. Hapo ndipo mzee yule alipofanya jambo ambalo Amri hakuwahi kuliona katika biashara yake yote. Aliinama juu ya lile rundo akatoa mawe matatu, makubwa kuliko mengine, akayaweka kando.

"Haya usiyapime. Yana ngozi tu. Ndani ni mawe matupu."

Amri alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ama huyu ni mjinga, aliwaza, ama ni mjanja anayenitupia chambo. Mtu wa namna ya tatu, mkweli tu, hakumfikiria.

Amri ni Mrangi wa Kondoa. Alifika Tunduma akiwa kuli wa kupakia malori, akalala chini ya malori hayohayo, akavuka nayo mpaka Kitwe, mji wa shaba wa Zambia, akarudi na akili. Alichojifunza ni kimoja: mali ya mtu usiisifu mpaka iwe yako. Kwa msemo huo alipata ghala, mizani, pampu ya kunyonya maji na lori kuukuu. Hakuwa na sababu ya kuuacha.

Na Yonathani? Huyo alizaliwa Ihanda katika kahawa ya baba yake, akaoa katika kahawa, na kwa miaka kadhaa akafanya kibarua cha reli, kuvunja mawe na kushindilia kokoto. Huko ndiko alikojua nyundo na moko, ile patasi ya chuma ya kuchongea mwamba, na huko ndiko alikoacha kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Aliporudi nyumbani alikuwa mtu wa watu wote: mwimba besi kanisani, msuluhishi wa mipaka ya mashamba, mtu anayeazimwa jembe na kulisahau. Kisha siku moja, akitafuta ng'ombe aliyepotea, akafika Kilima cha Kanga, akaona jiwe la kijani. Tangu hapo kahawa ikapata mke mwenza.

Kilima chenyewe kiko mbali. Nyanda za Mbozi zinakatika ghafla na ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Rukwa, na kilima kimesimama katika poromoko hilo. Pikipiki hufika mpaka korongo la mwisho. Kuanzia hapo ni miguu. Ukikitazama kutoka juu kina upara: miombo imekizunguka pande zote, lakini ubavuni umepita mkanda usioota mti, nyasi fupi tu na vijiua vya zambarau. Wachunga ng'ombe husema pamelaaniwa. Amri aliposhuka huko mara ya kwanza kununua mzigo shimoni hakuona laana. Aliona udongo ulioshiba shaba mpaka miti ikashindwa kuumeza.

Mwamba wa pale ni wa ulanga, unabanduka tabaka kwa tabaka kama gome la mti, unang'aa ukipigwa jua. Katikati yake umepenya mshipa wa jiwe jeupe, gumu, umesimama wima kama ukuta uliozikwa. Kichwani mshipa umevaa kofia ya kutu, nyekundu, yenye vitundu kama sega la nyuki lililotelekezwa. Chini ya kofia ndipo kijani kinapoanza, na Yonathani alikuwa amekifuata kijani hicho kwenda chini kwa nyundo, moko na kamba, mpaka duara lake, kama wachimbaji waitavyo shimo la kusimama, likawa refu kuliko mnara wa kanisa lao.

Wachimbaji wote wa upande ule wana sheria moja, hawakuiandika popote: kijani kikiisha, mali imeisha. Amri alijua sivyo. Alifundishwa na Ba Violet, kwa ile ba ya heshima ya Kibemba, mama wa Kizambia mwenye mwili na sauti, aliyenunua mawe pale Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na kuyapeleka kwenye tanuru za huko kwao.

"Kijani ni jasho, ba Amri," Ba Violet alimwambia zamani. "Mvua inaingia kwenye nyufa, inaila shaba, halafu inaitema njiani. Hicho mnachogombania ni matapishi ya mvua. Jasho likikauka usiseme mtu amekufa. Shuka mpaka kwenye maji. Huko utamkuta mwenyewe: mweusi, mzito, ana madoa ya njano, na ukimpasua akakaa hewani kidogo anageuka rangi ya shingo ya njiwa."

Basi Amri akanunua kijani cha Yonathani msimu hata msimu, kwa bei ileile ya aibu, na walivyozoeana akawa anapita nyumbani Ihanda kula. Mke wa Yonathani, Priska, ambaye watu humwita Mama Ipyana, alimkaribisha kwa ugali na kwa malalamiko, vyote vya moto.

"Shemeji, umeiona kahawa yangu?" alimuuliza siku moja, akielekeza mwiko mlangoni. "Siyo kahawa ile. Ni pori. Mwaka huu kahawa imepata bei, watu wanaezeka bati, sisi tunachuma magugu. Ndugu yako yuko shimoni kama panya-buku."

"Panya-buku anayekununulia sukari," Yonathani akajibu kutoka kwenye kigoda.

"Sukari! Na miguu yangu iliyoota sugu kwa kupalilia peke yangu, hiyo utainunulia nini?"

Amri akacheka kwa adabu ya mgeni. Ndipo harufu ikamfikia. Ilitoka jikoni, kali, ya kukwaruza koo, kama mtu amewasha kiberiti puani. Aliijua. Ndiyo harufu ya upepo wa Kitwe siku tanuru zikifukuta.

"Mama Ipyana, kuna kinachoungua?"

"Ni mafiga, baba. Yangu yalipasuka, nikamwomba mume wangu mawe. Kaniletea hayo ya shimoni kwake. Yakipata moto tu yananuka hivyo. Hata maharage yananuka. Wenzangu wanaletewa vitenge."

Amri akajifanya anataka kaa la kuwashia sigara. Akachutama jikoni. Mafiga matatu meusi yalikuwa yamebeba sufuria, na ubavuni mwa moja palipobanduka kwa moto palimeta njano, njano ya tarumbeta lililosuguliwa. Alilikwaruza kwa kisu, akabandua kipande, akakitia mfukoni. Akarudi kukaa, akaongeza ugali kwa furaha.

Yonathani alingoja mkewe atoke kwenda kusuuza vyombo, kisha akavuta kigoda karibu.

"Amri, mwanangu, nataka kukuuliza neno. Kijani kimekwisha. Nimefika kwenye maji. Sasa linatoka jiwe hilohilo jeusi, hilo la mafiga, na maji yananishinda. Wachimbaji wenzangu wananiambia endelea, wengine wananiambia acha. Mchimbaji simwamini, maana mchimbaji hajui kuacha, hata mimi sijui. Kwa hiyo nimemwahidi Mama Ipyana, mbele ya mchungaji: siku Amri atakaponiambia mali imeisha, naweka nyundo chini, narudi kwenye kahawa. Kwa sababu wewe ni mnunuzi. Mnunuzi hawezi kusema imeisha wakati bado anaitaka. Sasa niambie. Imeisha au haijaisha?"

Swali lilikuja wazi namna hiyo, limevuliwa nguo zote. Amri angeweza kujibu kwa neno moja. Lakini mtu aliyeshinda maisha yake yote kwa kuponda mali ya wengine, ulimi wake unajua njia hata akiwa usingizini. Hesabu ilishapangika kichwani: mzee akate tamaa, akae wiki chache na machungu yake, kisha yeye aje kama msamaria, alichukue duara na leseni yake kwa bei ya huruma, ashushe pampu. Ni biashara. Angefanyiwa na yeye.

Akalichukua jiwe jeusi lililokuwa likizuia mlango wa banda la kuku, akalipimapima mkononi. Lilikuwa zito mno kwa ukubwa wake. Akalitupa uani.

"La kujengea choo hili, Baba Ipyana," alisema. "Pole. Imeisha."

Yonathani alitazama mahali jiwe lilipoangukia, akakisugua kile kishina cha kidole. Kisha akaushika mkono wa Amri kwa mikono yake miwili.

"Asante. Mwingine angenidanganya nife humo."

Amri alikwenda moja kwa moja Nakonde, akamwekea Ba Violet kipande cha figa mezani. Yule mama akakinusa, akakilamba, akakiangalia juani.

"Duara hili ni la nani?"

"Litakuwa langu."

"Litakuwa? Rudi leo hiihii, ba Amri."

"Nikirudi leo ataona nina haraka. Mali ikilala inashuka bei."

"Hiyo ni nyanya," Ba Violet akasema. "Jiwe halina haraka ya kuoza. Wa kubadilika ni mwenye jiwe."

Amri akacheka. Alikuwa na subira, na subira ndiyo iliyomjengea ghala. Siku chache baadaye simu yake ikaita, jina la Yonathani likajitokeza. Akaiacha iite. Mwenye shida hupiga tena. Na kweli mzee alipiga tena, siku nyingine asubuhi, na tena wiki iliyofuata. Kila mara Amri aliiweka simu juu ya gunia ikaimba mpaka ikachoka, na kila ilipochoka akaona bei imeshuka ngazi moja. Kisha ikaacha kuita. Hilo nalo akalihesabu kuwa ni ushindi: sasa amelainika.

Mvua za kwanza ziliponyesha alivaa koti akapanda basi dogo la Vwawa, akashuka Ihanda. Alimkuta Yonathani shambani, juu ya ngazi fupi, anapogoa mibuni. Nusu ya shamba ilikuwa imeshafunguka, safu zinaonekana. Priska alikuwa chini akikusanya matawi, anaimba. Amri hakuwahi kumsikia akiimba.

"Mnunuzi wangu!" Yonathani aliita. "Karibu uone ulichokifanya. Hii yote ni kazi ya neno lako."

"Nakupongeza, mzee wangu. Nimekuja, unajua, nimekufikiria. Lile shimo lako. Nikasema mzee ametumia nguvu zake, si vizuri aondoke mikono mitupu. Nikasema nikusaidie, nilichukue na leseni yake, hata kwa chochote."

Yonathani akashuka ngazi polepole. Alionekana mtu aliyeguswa.

"Shimo halipo, mwanangu. Tumelifukia."

"Mmelifukia?"

"Kwaya yote ya kiume ilinisaidia. Ng'ombe wa watu wanachunga kule, na sisi hapa shimo lisilo na kazi haliachwi wazi, ni kama kaburi linalongoja mtu. Tumerudisha kifusi chote, tukaimba, tukaondoka. Na leseni nimeirudisha ofisini. Nilikupigia kwanza nikuulize kama nirudishe. Hukupokea, nikajua uko safarini."

Amri alihisi mvua ikimwingia shingoni. "Ungeniuzia mimi! Kwa nini hukuniuzia mimi?"

Yonathani alimkazia macho kwa mshangao, kisha akacheka ile besi yake.

"Nikuuzie shimo tupu? Wewe? Wewe ndiye uliyeniambia halina kitu! Alikuja mtu wa Mkwajuni akalitaka, nikamwambia hapana, nitakuwa mwizi. Ningeweza vipi kukuibia wewe?"

Priska naye akacheka, akamletea Amri chai katika kikombe cha wageni. Chai haikunuka kiberiti. Alikuwa ametupa yale mafiga korongoni, alisema, na sasa anapikia juu ya matofali.

Angeweza kusema ukweli palepale. Kikombe kilikuwa mkononi, mzee mbele yake, na kifusi bado kilikuwa laini. Badala yake alikunywa haraka akaungua ulimi, akaaga, akakimbilia ofisi ya madini kuliombea lile eneo. Kijana wa pale alimgeuzia skrini aone mwenyewe. Ramani ya poromoko lote, kilima, korongo na malisho, ilikuwa chini ya rangi moja. Kampuni ya utafiti kutoka mbali ilikuwa imeliombea eneo zima, na kipande cha Yonathani, ambacho kingewazuia kama mfupa kooni, kilikuwa kimeachwa wazi siku chache tu kabla.

Kiangazi kilichofuata mitambo ya kuchoronga ikashushwa Kilima cha Kanga kwa barabara iliyokatwa upya. Vijana wa kampuni walipokuta ardhi imeshindiliwa na watu waliuliza nani alichimba, wakaelekezwa Ihanda. Yonathani akashuka nao kuwaonyesha. Siku iliyofuata akapanda gari akaja Tunduma.

Aliingia ghalani bila kuvua kofia. Akafika moja kwa moja kwenye mizani, akaweka juu yake jiwe jeusi.

"Pima."

"Mzee wangu, kaa kwanza. Chai ipo."

"Pima, Amri."

Mshale ulikwenda ukatulia. Wote wawili waliutazama, hakuna aliyeusoma.

"Bomba lao linatoa jiwe refu kama muwa," Yonathani alisema. "Jeusi, madoa ya njano. Lile la choo. Wanalivisha mfuko wa nguo, wanalipa jina, wanalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wakaniuliza nani alifukia hapa. Nikawaambia ni mimi. Wakacheka, wakanipa soda." Akamtazama Amri usoni. "Ulijua?"

"Baba Ipyana, biashara ina mambo yake. Mimi nilitaka tu..."

"Sikuuliza ulitaka nini."

Nje lori lilipiga honi, dereva akamtukana mwenzake kwa Kibemba. Amri aliifuta meza isiyo na vumbi.

"Nilijua."

"Tangu mafiga?"

"Tangu mafiga."

Yonathani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka.

"Siku ile nilikuwa nimeshaongea na Mama Ipyana. Nilimwambia, maji yamenishinda, na pampu anayo Amri. Akisema haijaisha, tunamwita awe mbia, nusu kwa nusu. Mama Ipyana alikataa, akasema mpe robo. Tukagombana usiku kucha kwa ajili yako, mimi nakutetea. Nilikuwa nangoja neno lako tu."

Akashika njia ya mlango. Amri alimwita, akamwambia jiwe lake amelisahau. Yonathani alijibu bila kugeuka kwamba hajalisahau, amemletea.

Hakumsema popote, si kanisani, si sokoni Vwawa. Kahawa yake imezaa misimu miwili sasa, na nyumba ina bati jipya, nalo si jambo dogo kwa mtu wa umri wake. Ila Priska humwambia mchungaji kwamba gari la kampuni likipanda kutoka kilimani na masanduku yake, mumewe huacha mkasi wa kupogoa hewani, husikiliza mpaka mlio upotee, na kuanzia hapo siku hiyo hafanyi tena kazi ya maana.

Kampuni bado inachoronga. Ba Violet ananunua mawe ya watu wengine. Amri anauza maharage na mahindi, pampu ameikodisha kwa mtu wa bustani, na mkulima akimwaga mzigo sakafuni bado anausukuma kwa ncha ya kiatu, kwa sababu hajui namna nyingine. Jiwe jeusi linazuia mlango wa ghala usipigwe na upepo. Ubavuni limeshageuka rangi ya shingo ya njiwa, na kutoka Ihanda hakuna tena anayemletea jiwe.